SPANA GHOROFA YA TISA (Sehemu ya Tatu: Chumba cha Baridi)

"Mtaalamu, tunakusubiri wewe," alirudia Mama Mkasi. "Tununue au tusinunue?"

Spana aligeuka kuangalia nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

Wewe uliyefungia vitumbua kwa gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, sogea hapa upesi. Spana ni yule binti aliyelelewa na shangazi yake, fundi wa friji. Jina hilo walimpa mtaani kwao kwa sababu tangu ana miaka saba alikuwa akimbebea shangazi mfuko wa spana. Sasa amesoma, amefaulu, na amechukuliwa kwa mafunzo ya miezi mitatu kwenye kampuni ya uwekezaji. Wanagenzi wako kumi na wawili. Nafasi za ajira ni mbili. Asubuhi ya siku ya kwanza, badala ya kubonyeza sita kwenye lifti, kidole chake kilibonyeza tisa, akaingia chumba cha kwanza alichokiona na kukaa kwenye kiti pekee kilichokuwa wazi.

Kumbe ni mkutano wa wakubwa. Kumbe kiti ni cha mtaalamu wa mitambo ya baridi waliyekuwa wakimsubiri. Na mwanamke anayeuliza swali ndiye mkurugenzi mwenyewe, anayeitwa Mama Mkasi kwa jinsi anavyokata bajeti za watu.

Watu wanane walikuwa wamemkodolea macho.

Spana alifungua kinywa aseme, "Samahani, nimekosea chumba." Maneno yaliyotoka yalikuwa mengine kabisa.

"Naomba kuisikia mashine kwanza."

Hata yeye alishtuka. Hayo yalikuwa maneno ya shangazi yake. Mwenye bucha akianza kueleza historia ya friji lake toka siku alipolinunua, shangazi humkatiza hivyo hivyo, kisha anainama.

"Ombi zuri," alisema mwanamume aliyesimama karibu na skrini. Huyu ndiye mwuzaji, mwenye maghala manne ya baridi anayotaka kampuni iyanunue. Tumwite Tabasamu, maana tangu aingie hakuwa amelifunga. "Nina video hapa. Mtaona na kusikia kila kitu."

Video ikaanza. Kuta nyeupe. Wafanyakazi wenye glovu. Makreti ya matunda yamepangwa kama askari. Na juu ya yote hayo, muziki wa kinanda.

"Naomba muziki uzimwe," alisema Spana.

"Muziki umo humo humo ndani ya video."

"Basi turudi pale mwanzo, kabla haujaanza."

Tabasamu alisita. Mama Mkasi alimtazama tu, na video ikarudishwa.

Spana alifumba macho. Hapo, chini ya kelele za watu, alimsikia rafiki yake wa zamani, kompresa, moyo wa kila friji. Ngrrr, tak. Kimya. Ngrrr, tak. Kimya. Ngrrr, tak.

"Imewaka na kuzima mara tatu, na dakika haijaisha," alisema.

"Inapumzika," alisema Tabasamu. "Ni mitambo ya kisasa, inabana umeme."

"Mashine nzima hufanya kazi dakika kumi, kumi na tano, ndipo ipumzike. Hii ni kama mtu anayepanda ngazi mbili halafu anakaa chini kuhema."

Mtu mmoja mwisho wa meza alicheka, akajifanya anakohoa. Mama Mkasi hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake na kupiga mstari chini yake.

Kichwa cha Spana kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyekunywa soda tatu bila kula. Tangu apite mlango wa walinzi asubuhi ile alijiona kama kiatu kimoja kilichowekwa kwenye kabati la vyombo. Sasa watu wenye saa za bei mbaya walikuwa wakiitikia maneno yake kwa vichwa. Alitamani kumpigia mtu simu hapo hapo.

Mlango ukafunguliwa.

Aliingia mzee mwembamba mwenye faili kwapani, anahema.

"Samahani sana, mama. Foleni ilinishika darajani. Mimi ndiye mhandisi wa mitambo ya baridi."

Macho yote yalitoka kwa mzee, yakarudi kwa Spana.

"Kama wewe ndiye mhandisi," alisema Mama Mkasi polepole, "huyu ni nani?"

Hapakuwa na pa kujificha. Hata meza ilikuwa ya kioo.

"Ni mwanagenzi, mama," alisema Spana. "Nilikuwa nakwenda ghorofa ya sita."

"Umekaa hapo muda gani?"

"Kama dakika ishirini na tano."

"Bila kusema."

"Mwanzoni nilidhani ndiyo semina yetu. Nilipogundua siyo, nikaona aibu kutoka."

Tabasamu aliangua kicheko kirefu, kisha akaanza kukusanya waya zake. "Kwa hiyo mali yangu imetukanwa na mtoto aliyepotea njia. Mama, kuna kampuni mbili zinanisubiri. Mkitaka kuja kuona ghala lenyewe, njooni leo. Kesho nitakuwa nimeshauza."

Alitoka. Mama Mkasi alimgeukia Spana bila kuinua sauti.

"Binti, shuka ghorofa ya sita."

*

Ghorofa ya sita alikuwepo msimamizi wa wanagenzi, bwana mmoja mfupi ambaye simu yake ililia kila robo saa kumkumbusha jambo. Wanagenzi walishalidaka jina ambalo jengo zima lilimwita kwa siri, Kengele, na hiyo ni saa ya kwanza tu ya kumjua.

"Saa mbili na dakika ishirini na nane," alisema bila kuangalia saa. "Tulianza saa mbili."

Nyuma yake walikaa wale kumi na mmoja. Wote wamevaa nguo nyeusi au za kijivu, kana kwamba walipigiana simu usiku. Spana peke yake alikuwa na blauzi ya njano kama kiini cha yai, aliyochaguliwa na shangazi ili wakubwa wamwone. Naam, wakubwa walikuwa wamemwona.

Aliyekaa mbele kabisa alikuwa kijana mwenye koti zuri kuliko hata makoti ya wakurugenzi. Asubuhi pale mapokezi, Koti huyu alikuwa amemuuliza, "Kabla ya hapa ulifanya mafunzo wapi?" Spana, kwa kubabaika, akajibu, "Nyumbani." Koti alitikisa kichwa kwa heshima kubwa, akidhani Nyumbani ni jina la kampuni.

Kengele alimwonyesha karatasi ya majina. Jina la Spana lilikuwa limepigwa mstari wa kalamu nyekundu, tena mnene.

"Hapa anayechelewa siku ya kwanza hana siku ya pili. Naomba kadi ya mlango."

"Nilikuwa ghorofa ya tisa."

"Unafanya nini ghorofa ya tisa?"

Angemwambiaje? Kwamba alikuwa mtaalamu kwa dakika ishirini na tano? Alivua kadi shingoni na kuiweka mezani. Mtu mmoja katika wale kumi na mmoja alishusha pumzi. Ukimtoa mmoja, hesabu ya wengine inakuwa nzuri zaidi, na hilo Spana alilielewa bila kumchukia mtu.

Alikuwa ameshabonyeza kitufe cha lifti, na machozi yameshakaa mkao wa kushuka, mlango ulipofunguka na Mama Mkasi akatokea ndani yake na yule mzee mhandisi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Nimefutwa."

"Nani kakufuta?"

Kengele alishatokea nyuma, karatasi mkononi. "Alichelewa, bosi. Dakika ishirini na nane."

"Alikuwa mkutanoni na mimi."

Kengele alitoa kalamu. Mstari mwekundu ulikuwa haufutiki, kwa hiyo ilibidi aliandike jina la Spana upya chini kabisa ya karatasi, namba kumi na tatu katika orodha ya watu kumi na wawili.

"Sikiliza vizuri," Mama Mkasi alimwambia Spana. "Mzee ameisikia ile video. Anasema huenda umesema kweli, na huenda kipaza sauti kilikuwa kibovu. Tunakwenda kuona ghala sasa hivi, na wewe unakwenda. Ukiwa sahihi, umetuokoa na hasara. Ukiwa umekosea, nitakuwa nimemwaibisha mtu mbele ya kamati yangu kwa maneno ya mtu aliyeshindwa kuchagua kitufe cha lifti. Unajua kitakachofuata?"

"Najua, mama."

"Una dakika tano. Kengele, nipe mwanagenzi mmoja wa kuandika kumbukumbu."

Mama Mkasi hakugundua amemwita mtu kwa jina la utani. Kengele mwenyewe aligundua, na uso ukambadilika. Akamtaja Koti.

*

Spana alikimbilia chooni, akajifungia na kupiga simu.

"Shangazi."

"Umeshapewa ofisi?"

"Bado. Shangazi, kompresa ikiwaka na kuzima mara tatu kwa dakika, tatizo ni nini?"

Upande wa pili, kitu cha chuma kilidondoka. "Wewe uko wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Ya fedha, shangazi. Ile ile."

"Fedha na kompresa wapi na wapi? Miaka yote hii nakufukuza karakana ukasome, siku ya kwanza tu unaniambia unakwenda kukagua friji?"

"Nitakueleza jioni. Nina dakika mbili."

Shangazi alikuwa mtu wa kazi. Akisikia dakika mbili, ugomvi anauweka kando. "Yaweza kuwa gesi imepungua. Yaweza kuwa swichi ya presha. Yaweza kuwa kompresa yenyewe imechoka. Usisikilize maneno ya mwenye mali. Tafuta bomba la kurudi, lile nene, ulishike kwa kiganja. Ukikuta lina jasho la baridi, nyamaza. Ukikuta ni vuguvugu, sema."

"Sawa, shangazi."

"Na wewe je, una jasho?"

"Mpaka kwenye soksi."

"Vizuri. Basi bado mzima."

*

Ndani ya gari, Mama Mkasi na mzee mhandisi walikaa mbele, mama mwenyewe kwenye usukani. Spana na Koti walikaa nyuma, kila mmoja amebana dirisha lake. Walipofika taa za kwanza, Koti aliinama upande wake.

"Nikuambie kitu? Nilipokuona na hiyo njano, nilisema huyu amekuja kuchukua nafasi yake, sisi tugombanie ile iliyobaki. Yaani mtu anajiamini hivyo."

"Mimi?" Spana alinong'ona. "Mimi nilikuona wewe na hilo koti nikataka kugeuza."

Koti alitazama mbele kuhakikisha hasikiki. "Si langu. La shemeji. Amenikataza kukunja mikono, anasema mgongoni limebaki nyuzi mbili."

Sasa ndipo Spana alipoelewa kwa nini kijana huyu alikaa wima namna ile, mikono imenyooka juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Alijaribu kukizuia kicheko. Kikamtoka puani. Koti naye akaanza, na kwa kuwa hakuweza kuinama, alicheka akiwa wima, machozi yanamtiririka.

Macho ya Mama Mkasi yalitokea kwenye kioo cha gari. Wakanyamaza kama wamezimwa swichi.

Baada ya dakika moja Koti alinong'ona tena. "Na ile kampuni ya Nyumbani, ni kubwa?"

"Ina watu wawili," alisema Spana.

Ikawalazimu kuangalia kila mmoja dirisha lake mpaka walipofika.

*

Ghala lilikuwa mwisho wa barabara ya viwanda, limepakwa rangi mpya mpaka vumbi lilionekana linaogopa kutua. Tabasamu aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibuni. Chumba cha mashine kimefungwa, fundi ametoka na ufunguo. Lakini baridi haihitaji ufunguo, baridi unaisikia mwilini."

Aliwapeleka kwenye mlango mnene wa chuma wenye kidirisha cha duara. Pembeni yake kipimajoto kilisoma nyuzi mbili.

"Ingieni watatu tu. Mkiwa wengi mnapandisha joto."

Koti alibaki nje na daftari lake. Wakaingia Mama Mkasi, mzee mhandisi na Spana.

Na hapa, msomaji, likatokea jambo la ajabu. Ile hofu iliyokuwa imemkalia Spana kifuani toka alfajiri ilibaki nje ya mlango. Alijua harufu hii ya maboksi yaliyolowa. Alijua feni ile iko wapi kabla hajainua macho. Alijua bomba litapita wapi. Alipita katikati ya makreti kama mtu anayekwenda jikoni kwao, akainuka kwa vidole vya miguu, akaweka kiganja.

Vuguvugu. Kama chai iliyosahaulika mezani.

Mzee alikuwa amechomoa kipimajoto chake mfukoni. "Nyuzi kumi na moja," alisema. "Kile cha nje kinadanganya."

"Mama, shika hapa," alisema Spana.

Mama Mkasi alishika. Mzee naye akashika, kisha akafuta kiganja kwenye suruali na kutikisa kichwa.

"Gesi karibu imekwisha, na kompresa inajiua. Binti amesema kweli, tena aliisikia kwa masikio tu. Mimi ningehitaji vifaa."

Mama Mkasi alimtazama Spana kwa muda. Kitu fulani kilitembea kwenye pembe ya mdomo wake. Kwa watu wengine tungesema ni tabasamu.

"Kengele amewaambia kuna nafasi mbili," alisema. "Tukirudi atawaambia imebaki moja. Nyingine nimeshaitoa."

Ilimchukua Spana muda kidogo kuelewa. Alipoelewa, miguu ilimruka yenyewe, mara moja, mara mbili, blauzi ya njano ikipanda na kushuka katikati ya makreti ya nanasi. Mzee mhandisi alicheka. Spana alitaka kusema asante, akasema, "Shangazi," akaona si hilo, akaanza tena.

Nyuma yao mlango ulijifunga. Duf.

"Upepo," alisema mzee.

"Hakuna tatizo," alisema Spana, bado anaruka ndani kwa ndani. "Vyumba hivi vyote vina mpini wa kufungulia upande wa ndani. Ni sheria."

Akaukamata mpini, akauvuta kwa nguvu zote za furaha yake.

Mpini ukabaki mkononi.

Walitazamana. Kwenye kidirisha cha duara, uso wa Koti ulitokea, kisha mikono yake yote miwili ikivuta mlango kwa nje. Mlango haukusogea. Tabasamu hakuonekana popote.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Mkasi. Ndiyo, mwenyewe. Alicheka mpaka akajishika kwenye kreti. "Bahati yetu mashine ni mbovu," alisema. "Ingekuwa nzima tungeganda humu."

Wakacheka wote watatu. Ndipo, nyuma ya ukuta, kitu kikanguruma.

Haikuwa ngrrr, tak. Ilikuwa sauti moja, laini, ndefu, isiyokatika. Feni juu yao ikashika kasi na kuanza kuwapulizia upepo mkali. Spana alihesabu kimoyomoyo. Ishirini. Arobaini. Sitini. Haikuzima.

"Saba," mzee alisoma kipimajoto chake. Baada ya kitambo, "Tano."

Mama Mkasi aliinua mkono na kulishika tena lile bomba nene. Aliutoa upesi na kuutazama. Kiganja kilikuwa kimelowa.

"Binti," alisema, na sasa hakuwa anacheka, "mbona linatoka jasho?"

"Hii siyo ile mashine, mama. Hii ni nyingine. Nakuapia, hii sijawahi kuisikia."

"Hilo unalijua, au ni baridi inayosema?"

Nje, Koti alibandika daftari kwenye kioo. Ukungu ulikuwa umeshaanza kutanda, na Spana akaufuta kwa mkono wa blauzi. Maneno yalikuwa manne, yameandikwa haraka: AMEONDOKA NA GARI LAKE.

"Mbili," alisema mzee. Meno yake yaligongana katikati ya neno.

Mama Mkasi alijikunja ndani ya suti yake. "Ile nafasi niliyokupa," alianza kusema.

Hakumaliza. Nyuma ya makreti ya nanasi, upande wa giza ambako hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika, mtu alikohoa.